Paa la ghala lifungwe kabla ya upepo wa vuli

KILA mwaka mvua za vuli zinapokaribia, upepo huanza kazi kabla tone la kwanza halijaanguka. Katika vijiji vya kando ya barabara kuu ya Chalinze hadi Segera, kuanzia Mkata na Kabuku mpaka Segera yenyewe, na kuendelea upande wa Korogwe, wenyeji wanaijua hali hiyo. Mchana joto kali, jioni wingu jeusi, kisha vumbi, na ndani ya dakika chache mabati yanapiga kelele juu ya papi. Baadhi ya mapaa hubaki. Mengine huezuliwa.

Habari za namna hiyo zinapofika magazetini, kutoka mkoa wowote ule, huandikwa kwa maneno yale yale: upepo mkali umeezua nyumba kadhaa, darasa moja na ofisi ya kijiji, na wananchi wanaiomba Serikali iwasaidie mabati. Mabati yanatafutwa, yanarudishwa juu kwa namna ile ile na fundi yule yule, na baada ya misimu michache habari inarudi. Ni wazi kwamba neno "maafa" linatumiwa haraka mno. Upepo ni wa Mungu, lakini msumari ni wa dukani.

Kwa mkulima wa Handeni suala hili si la nyumba tu, ni la mfuko wake. Mahindi ya masika huvunwa katikati ya mwaka, wakati kila mtu anauza na bei iko chini. Mwenye uwezo wa kusubiri huyaweka ndani ili auze miezi ya mwisho wa mwaka au mwanzoni mwa mwaka unaofuata, bei inapopanda. Kusubiri huko ndiko faida yake ilipo. Lakini maana yake ni kwamba gunia zinakuwa bado ghalani Oktoba na Novemba, yaani wakati ule ule wingu jeusi la kwanza linapotokea. Paa likiondoka usiku huo, mvua inaangukia mali iliyovumiliwa kwa miezi mitatu au minne.

Na mahindi yaliyoloa hayarudi kuwa mahindi yale yale. Nafaka ya kuhifadhi inatakiwa iwe na unyevu usiozidi asilimia 13.5 hivi. Ikilowa na kukaa kwenye gunia kwa siku kadhaa kabla jua halijapatikana, inaota ukungu, na baadhi ya ukungu huo hutengeneza sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa hiyo mtu anayeanika gunia zilizoloa na kuziuza kwa bei ya kutupa hapotezi fedha zake tu. Anaweza kumpelekea mwenzake ugonjwa.

Wengi hudhani upepo hulisukuma paa pembeni au kuliponda kutoka juu. Ni kinyume chake. Upepo unapogonga ukuta hulazimika kupanda na kuvuka paa kwa kasi, na hewa inayopita kwa kasi juu ya bati hulinyonya bati hilo kuelekea juu, hasa kwenye kingo, kwenye pembe na karibu na kofia. Ndiyo maana paa huezuliwa kuanzia ukingoni: bati moja la pembeni linainuka, upepo unapata mlango, na mengine yanafuata mstari.

Jambo la pili ni hesabu ya kasi, na hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya upepo haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Upepo wa kilomita 40 kwa saa, ambao Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) huutaja mara kwa mara katika tahadhari zake kwa mikoa ya pwani, una msukumo usiofika kilo 8 kwa kila mita ya mraba. Ukifika kilomita 80 kwa saa unakuwa kilo 31 hivi. Ukifika 120 unakaribia kilo 70. Mtu aliyeona paa lake likivumilia upepo wa kawaida kwa miaka sita hana haki ya kuamini kuwa litavumilia ule wa mwaka wa saba.

Chukua ghala la kawaida la mkulima wa kati au la kikundi, lenye upana wa mita 8 na urefu wa mita 12. Paa lake lina mita za mraba 100 hivi. Bati la geji 30 lina uzito wa kilo 3 tu kwa mita ya mraba, na hata ukijumlisha kenchi na papi zote, paa zima halifiki tani 2. Sasa upepo wa ghafla wa kilomita 100 kwa saa ukipita juu yake, na milango ikiwa imefungwa, mnyonyo wake unaweza kufika tani 4 hadi 5. Ni sawa na kumwomba mtu anyanyue gunia 40 au 50 za kilo 100, na hapa inazungumzwa kilo 100 za haki, si lumbesa.

Mlango mkubwa wa upande unaopigwa na upepo ukiwa wazi, hali inageuka kabisa. Hewa inaingia, inakosa pa kutokea, inasukuma bati kutoka chini huku nyingine ikilinyonya kutoka juu. Mzigo unaweza kuvuka tani 7. Ghala ni lile lile, upepo ni ule ule, tofauti ni komeo. Si ajabu basi kwamba majengo yenye nafasi kubwa wazi upande mmoja, kama mabanda ya kupakilia mazao na madarasa ambayo hayajapata madirisha, hutangulia kuezuliwa.

Tani hizo zote, ukitoa uzito wa paa lenyewe, zinabebwa na viungo. Ghala hilo lenye kenchi 13 lina sehemu 26 ambapo kenchi inakalia ukuta. Kila sehemu inapaswa kushikilia kilo 100 na ushee milango ikiwa imefungwa, na kilo 200 au zaidi mlango ukiwa wazi, na zile za mwisho karibu na pembe hubeba kuliko za katikati. Katika majengo mengi ya vijijini sehemu hiyo imepigwa misumari miwili ya mshazari kwenye mbao, na mbao yenyewe imekaa juu ya tofali bila kufungwa na chochote. Kinacholishikilia paa hapo ni uzito wake na mazoea.

Wahandisi wana vitabu vya kanuni kwa ajili ya hesabu hizi. Wengi wa Afrika Mashariki wamesomea kanuni za Uingereza, ule mwongozo wa mizigo ya upepo wa mwaka 1972 na uliofuata miaka ya 1990, na sasa zipo kanuni za pamoja za nchi za Ulaya. Kazi yake ni moja: kuanza na kasi ya upepo wa eneo, kuirekebisha kwa urefu wa jengo na hali ya mahali lilipo, kuigeuza kuwa mzigo, kisha kuugawa mzigo huo kwenye paa, kuta na viungo. Mkulima hahitaji kuzisoma. Anahitaji kujua mambo mawili yaliyomo.

La kwanza ni ule "upepo wa miaka 50" unaotumika katika kanuni hizo. Wengi wakiusikia husema basi tuna muda, labda watapigwa wajukuu. Maana yake halisi ni upepo ambao kila mwaka una nafasi 2 kati ya 100 za kutokea au kupitwa. Jengo linalokaa miaka 25 lina nafasi kama 40 kati ya 100 za kukutana nao. Hakuna mfanyabiashara anayeweza kuweka mtaji wake wote kwenye bahati ya namna hiyo akijua hesabu yake.

La pili ni mahali. Jengo lililo peke yake katikati ya shamba lililosafishwa, au juu ya kilima, hupigwa zaidi kuliko lililo katikati ya nyumba na miti. Mkata na maeneo yake yamekatwa miti mingi kwa mashamba na kwa mkaa unaopelekwa Dar es Salaam, na gharama ya mkaa huo haihesabiwi kwenye paa la mtu. Safu ya miti hupunguza upepo kwa umbali wa kama mara 10 ya urefu wake, hivyo miti ya mita 6 inasaidia hadi mita 60 nyuma yake. Isipandwe karibu kiasi cha kuweza kuangukia ghala.

Wapo wanaosema mkoa wa Tanga si nchi ya vimbunga na kwamba hadithi hizi ni za Msumbiji na Madagaska. Ni kweli vimbunga vya baharini ni nadra hapa, lakini nadra si hakuna. Aprili 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu ya Unguja na kuiharibu biashara ya kisiwa kizima. Aprili 1952 kingine kilipiga Lindi. Mei 4, 2024 kimbunga Hidaya kilitua Mafia. Na isisahaulike kwamba maafa ya Mwakata, wilayani Kahama, usiku wa Machi 3, 2015, ambapo watu takriban 40 walipoteza maisha, hayakuletwa na kimbunga cha baharini. Ilikuwa mvua ya mawe na upepo, mbali kabisa na bahari, na kuta za udongo zilizoloa zikawaangukia waliolala. Wingu la mvua la kawaida linaweza kumwaga upepo wa nguvu kwa dakika chache tu, na dakika chache zinatosha.

Wazee wa Kizigua walijenga misonge. Si lazima kuisifu kupita kiasi, kwani ilikuwa na panya na hatari ya moto, lakini umbo la duara huupitisha upepo pembeni, paa lenye mteremko mkali hunyonywa kidogo kuliko lililolala, na nyasi hupitisha hewa kiasi kwamba msukumo wa ndani na wa nje haupishani sana. Bati lilipoingia liliondoa kuvuja na likaleta heshima. Kilichosahaulika ni kwamba bati ni jepesi, halipitishi hewa, na kwa hiyo linataka kufungwa kuliko nyasi zilivyofungwa. Badala yake watu huliwekea mawe na matairi mabovu juu. Jiwe la kilo 10 halina lolote la kufanya mbele ya mnyonyo wa kilo 50 kwa kila mita ya mraba. Siku bati linapoondoka, jiwe nalo linatafuta kichwa.

Dawa yake si ya kitaalamu sana. Juu ya ukuta uwepo mkanda wa zege wenye nondo, ule ambao mafundi huuita lenta, unaozunguka jengo lote bila kukatika. Kabla zege halijamwagwa, kila mahali kenchi itakapokaa uachwe utepe wa chuma au waya mnene wa milimita 3 unaopita chini ya nondo, na kenchi ikishapanda uzungushwe mara mbili na kukazwa. Waya huo unabeba kilo 200 bila taabu. Asiyekuwa na lenta aushushe waya ndani ya ukuta tofali nne au tano chini, ili paa likitaka kuondoka lilazimike kubeba na ukuta. Papi nazo zifungwe kwenye kenchi kwa utepe, si kwa msumari mmoja wa kushuka moja kwa moja, ambao hutoka kama ulivyoingia. Kwenye kingo na karibu na kofia papi zikaribiane, sentimita 60 badala ya 90, na misumari ipigwe kila mgongo wa bati au kila mgongo wa pili. Katikati inaweza kupungua kidogo. Skrubu ni bora kuliko msumari, na msumari wa bati unaotokeza chini ya papi ukunjwe.

Paa linalolala sana, chini ya nyuzi 10 hivi, hunyonywa zaidi. Lenye mteremko wa nyuzi 30 lina nafuu, na linaloinamia pande nne lina nafuu kuliko la pande mbili. Ukingo unaotokeza nje ya ukuta usizidi nusu mita. Baraza, ambalo kila mtu analitaka kwa sababu ya kivuli, liwe na paa lake lililotengwa, ili upepo ukilichukua lisiondoke na la ghala. Ukuta mrefu wa tofali uwe na nguzo kila baada ya mita 3 au 4, na ile pembetatu ya ukuta kwenye ncha za jengo, ambayo mara nyingi hujengwa mwisho kwa tofali zilizobaki, ifungwe kwenye kenchi. Ndiyo huanguka ya kwanza.

Gharama? Utepe na waya kwa sehemu 26, kilo chache za misumari ya ziada, papi nne au tano zaidi na siku moja ya fundi. Ni sehemu ndogo ya bei ya mabati yenyewe. Tatizo la kweli ni mpangilio wa matumizi. Msingi hujengwa kwa fedha za mwanzo, kuta zinafuata, mabati yananunuliwa kwa fahari na kubebwa juu ya gari watu waone, na misumari na waya vinakuja mwisho, mfuko ukiwa mtupu na fundi akiwa amelipwa kwa kazi nzima na anataka kumaliza aende kwingine. Ni rahisi kumlaumu fundi. Lakini fundi aliyepewa kilo mbili za misumari kwa kazi ya kilo tano hawezi kuzizalisha. Duka nalo lina sehemu yake: bati linalouzwa kama geji 30 na ambalo ni jembamba kuliko hapo hupasuka kwenye tundu la msumari hata kama msumari umebaki mahali pake. Kusimamia hilo ni kazi ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na kazi hiyo iwafikie wauzaji wa miji midogo, isiishie Dar es Salaam.

Wafanyabiashara wa pembeni mwa barabara wana balaa lao. Vibanda vya machungwa na vya vyakula vimejengwa kwa fito nne na mabati chakavu, na mabasi na malori yanayopita kwa kasi huvitikisa mchana kutwa hata pasipo upepo. Bati linalong'oka hapo haliangukii shambani, linaweza kuangukia barabara kuu. Nguzo zizikwe sentimita 60 au zaidi, na kushindiliwa kwa mawe, na mbao za mshazari zipigwe kwenye pembe. Bila mshazari kibanda ni meza yenye miguu iliyolegea.

Tangi la maji nalo lisisahaulike. Handeni ina shida ya maji, na mtu mwenye uwezo huweka tangi la lita 1,000 juu ya mnara wa mbao au chuma. Likijaa lina uzito wa tani moja na haliendi popote. Likiwa tupu halifiki kilo 40. Na linakuwa tupu lini? Mwisho wa kiangazi, siku chache kabla ya mvua, wakati ule ule wa upepo. Kamba mbili za chuma zinazolifunga kwenye mnara zinatosha, lakini lazima mnara wenyewe uwe umefungwa kwenye zege.

Si haki mzigo huu kuachwa kwa mkulima peke yake. Halmashauri za Wilaya za Handeni na Korogwe zina wahandisi. Mchoro mmoja wa ghala dogo, uliohesabiwa na mhandisi aliyesajiliwa, wenye vipimo vya viungo na orodha ya vifaa kwa Kiswahili, ungeweza kubandikwa katika kila ofisi ya kijiji na kila duka la vifaa vya ujenzi. Mhandisi anafanya hesabu mara moja, watu mia wanaitumia. Vyama vya ushirika vya msingi vinavyojenga maghala kwa fedha za wanachama visikubali kupokea jengo kabla mtu hajapanda juu na kuhesabu nyepe. Benki inayokopesha kwa ajili ya ghala, na ambayo huuliza hati, wadhamini na picha, iulize pia paa limefungwaje. Vyuo vya VETA vinafundisha useremala na uashi kama kozi mbili, na kiungo cha kenchi na ukuta kiko katikati ya kozi hizo. Seremala anasema ukuta si wake, mwashi anasema kenchi si yake.

Kuna hoja kwamba masharti yakiongezwa watu wataacha kujenga maghala na kurudi kuweka mahindi vyumbani. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo maana kinachotakiwa ni mchoro wa bure na ushauri, si kibali kingine cha kulipia. Sharti liwe kali pale tu fedha ni za watu wengi: ghala la ushirika, soko, shule na zahanati.

Kwa aliyekwisha jenga, kazi inayowezekana kabla ya Oktoba ni ya siku moja. Apande ndani ya paa na tochi, aangalie kila kenchi inapokalia ukuta na kuifunga kwa waya pale penye msumari peke yake, akianza na pembe nne. Aongeze skrubu kwenye safu mbili za ukingoni na pembeni mwa kofia. Ashushe mawe. Kisha anunue komeo la chuma la mlango mkubwa, la juu na la chini, na amwambie anayelala ghalani kwamba wingu likitanda mlango ule unafungwa kabla gunia halijahamishwa.